Unguja kwa wawili: matembezi yanayostahili pesa, na saa ya kuyafanya

Wenzi wengi wakirudi Unguja husema pwani ya Paje "haina maji", au wamelipia safari ya fungu la mchanga la Nakupenda wakalikuta limeshamezwa na bahari. Mara nyingi hoteli haikuwa na kosa, na nahodha pia hakuwaibia. Walinunua matembezi kwa kutazama picha na bei, hakuna aliyewaambia saa. Kwa hiyo tathmini hii ya matembezi ya kisiwani inaanza na maji, kwa sababu tembezi moja linaweza kuwa zuri sana Jumatatu na kuwa hasara Jumatatu inayofuata.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na robo hivi, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana na bahari hutulia. Kwa Unguja kuna kanuni nyepesi ya kukumbuka: siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji programu ya simu: bamvua huangukia tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi, na maji mafu huangukia karibu tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25. Fungueni kalenda hiyo kabla ya kulipia chumba.

Jambo la pili ni upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na huipiga zaidi pwani ya mashariki. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na huchafua zaidi maji ya Nungwi na Matemwe. Masika, Machi hadi Mei, vyumba hushuka bei na hoteli kadhaa za pwani hufunga kabisa. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya hali ya hewa nzuri zaidi. Februari huwa na joto kali, na tamasha la Sauti za Busara likifanyika Ngome Kongwe, vyumba vya Mji Mkongwe huisha mapema.

Tukianza na safari yenyewe: boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Tiketi zinunuliwe kwenye ofisi ya kampuni au kwenye tovuti yake, msinunue kwa mtu anayewafuata nje ya geti akiwa ameshika kitabu cha risiti. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho. Mtanzania huonyesha kitambulisho chake na mgeni huonyesha pasipoti, kwani Zanzibar ina uhamiaji wake hata kwa anayetoka bara. Asiye mkaazi hulipa nauli ya juu zaidi, kwa kiwango cha dola. Msimu wa Kusi mkondo huwa na mawimbi, hivyo mwenye kuchafukwa na bahari ameze kidonge saa moja kabla na akae sehemu ya chini, katikati au nyuma. Viti vya mbele, ambavyo watu huvigombania kwa ajili ya kuona vizuri, ndivyo vinavyorushwa zaidi.

Wale wanaotoka Muscat, London au Toronto wajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni asiye Mtanzania hutakiwa kulipia bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake ya safari. Ilipieni mtandaoni kabla ya kupanda ndege, kwa sababu foleni ya kuilipia uwanjani inakula saa nzuri ya mchana wa kwanza.

Mji Mkongwe unastahili usiku mbili. Usiku mmoja hautoshi, kwa sababu mji huu unafaa kutembelewa asubuhi mapema na baada ya alasiri. Saa sita hadi saa tisa mchana vichochoro vina joto na maduka mengi yamefunga kwa ajili ya sala na chakula. Mpango unaoenda vizuri ni huu: saa 2 asubuhi Darajani, soko lililojengwa 1904, wakati samaki bado wanapigwa mnada. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873. Hapo pana maonyesho mazuri kuliko yote mjini, yameandikwa kwa uangalifu, na kiingilio kinahusisha vyumba vya chini vinavyosemekana vilikuwa vya kufungia watu. Tengeni saa moja na nusu, na mkitoka msikimbilie kitu kingine. Ni mahali pazito.

Nyumba ya Maajabu, Beit-el-Ajaib ya Seyyid Barghash ya 1883, iliporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020. Anayewauzia "ziara ya ndani" aonyeshe kwanza kwamba jengo limefunguliwa, vinginevyo mnalipia kusimama nje, jambo ambalo ni bure. Ngome Kongwe iliyo jirani haina kiingilio nyakati za kawaida.

Mwongozaji anasaidia kweli kwa saa mbili au tatu za kwanza, hasa kwenye milango. Mwenye ujuzi atawaonyesha mlango wa Kiarabu wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi au maua yaliyochongwa, kisha ule wa Kigujarati wenye vibao vidogo vya mraba na vifundo vya shaba, na baada ya mitaa mitatu mtaanza kuitambua wenyewe. Aonyeshe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar kabla ya kuanza. Mapapasi, wale waongozaji wa mitaani wanaowasubiri bandarini na kwenye bustani ya Forodhani, hawana kitambulisho hicho, na tembezi lao huishia kwenye duka linalowalipa kamisheni. "Hapana, ahsante, tumeshapata mwenyeji" likisemwa mara moja kwa sauti ya upole linatosha. Kuendelea kujieleza ndiko kunakowavuta.

Forodhani jioni ni pazuri, ila kuna namna ya kula pale. Meza za mishikaki ya kamba na ngisi zinapendeza machoni, lakini vitu hivyo vimepikwa mapema na hupashwa moto tu mkishachagua. Kuleni kinachotengenezwa mbele yenu. Urojo ndio wa kwanza: uji wa ukwaju na embe bichi, ndani yake bhajia, viazi, kachori, vipande vya mshikaki, juu yake chatne ya nazi na chipsi za muhogo zilizosagika. Mwambieni muuzaji kiasi cha pilipili kabla hajaanza kumimina. Zanzibar pizza nayo hukandwa na kukaangwa mkiwa mmesimama hapo, na juisi ya miwa husagwa na tangawizi na ndimu. Bei iulizwe kabla sahani haijaguswa, na iulizwe ya kila kitu, kwa sababu ubishi mwingi wa Forodhani huanza mwisho wa mlo. Kwa mchana, Lukmaan pale Mkunazini karibu na mbuyu ina chakula cha nyumbani kwa bei ya wenyeji: pilau, biriani, pweza wa nazi. Mkichelewa kupita saa nane, sufuria nzuri zimeshaisha.

Kisiwa cha Changuu na fungu la Nakupenda huuzwa pamoja, na ndilo tembezi la nusu siku tunalolipendekeza kuliko yote kwa wawili walio mjini, kwa sharti la saa. Changuu iko kama kilomita 6 kutoka mjini, dakika 20 hadi 30 kwa mashua. Gereza lake lilijengwa 1893 na halikuwahi kufunga mtu. Liligeuka karantini ya wasafiri. Kinachowapeleka watu ni makobe wakubwa wa asili ya Aldabra, walioanza na zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Umri umeandikwa kwa rangi kwenye gamba, na kuna waliopita miaka 100. Kobe akikunwa taratibu shingoni husimama kwa miguu yote minne, akanyoosha shingo hadi ikawa kama mkono uliokunjuliwa, na akabaki hivyo dakika nzima amefumba macho. Msiwapande, na msiwaguse kwa mikono yenye mafuta ya jua. Mchicha wa kuwalisha hutolewa pale pale.

Nakupenda ni fungu la mchanga mweupe lisilo na mti hata mmoja, na hutoweka maji yakijaa. Siku za bamvua liko wazi asubuhi, tuseme saa 2 hadi saa 6. Kwa hiyo siku hizo anzeni na Nakupenda saa 2, mje Changuu baadaye. Mashua nyingi hufanya kinyume kwa mazoea, zikafika funguni pamoja na kundi lote la saa tano. Mwambieni nahodha mpangilio mnaoutaka siku moja kabla, na mwulizeni maswali haya kwa mkupuo: bei ni ya mashua au ya kila mtu? Kiingilio cha Changuu kimo? Turubai la kivuli lipo? Jaketi okozi ni mbili zenye vifungo vizima? Nahodha mzuri huyajibu bila kusitasita. Bei huwa ya mashua nzima, na hapo ndipo wawili huumia. Unganeni na wenzi wengine wawili, gharama hugawanyika nusu. Mchana upepo huongezeka, na kurudi baada ya saa nane kunalowesha simu na nguo zote.

Jambo moja linaloudhi Nakupenda na kisiwa cha Mnemba: wasaidizi wa mashua huwatoa majini viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, ili wageni wapige picha. Mnyama yule hupumua majini, na akikaa juani dakika chache huweza kufa. Kataeni kwa sauti. Wageni wakikataa, mchezo huo huisha wenyewe.

Machweo kwa jahazi yako upande wa mji na upande wa Nungwi na Kendwa. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:10 hivi na saa 12:50 hivi jioni, hivyo pandeni saa 11, msikubali saa 12 kamili. Tembezi hili huchukua saa moja na nusu au mbili. Ulizeni kama tanga litapandishwa kweli. Majahazi kadhaa huenda na injini mwanzo hadi mwisho, tanga likiwa limefungwa, na kelele ile inaondoa ladha yote.

Kwa pwani, chagueni upande mmoja mkiwa na usiku chini ya tano. Gari la kuhamia upande wa pili hula nusu siku na pesa ya chakula cha siku mbili.

Kendwa na Nungwi, kama kilomita 60 kaskazini, ndiko bahari isikoondoka mbali. Kendwa hasa mnaogelea saa yoyote. Ubaya wake ni kelele, wauzaji wa ufukweni na hoteli zilizobanana. Dala dala ya Nungwi ni namba 116, rahisi sana, ila mwendo ni wa saa mbili au zaidi na begi kubwa hukaa juu ya paa. Mnemba hutembelewa kutoka Nungwi au Matemwe. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya binafsi, hamshuki. Mnaogelea kwenye matumbawe yanayokizunguka. Samaki wapo, lakini saa nne asubuhi mashua zinaweza kuwa nyingi mpaka mnapigana mapezi. Ondokeni saa 12:30 asubuhi au msiende.

Anayependa matumbawe kweli na ana pesa za kutosha aelekee Chumbe, kusini mwa mji. Miamba yake imehifadhiwa tangu 1994, mashua haziruhusiwi kutia nanga juu yake, vibanda vya kulala ni saba tu na wageni wa mchana huwekewa kikomo. Nafasi iwekwe wiki kadhaa kabla. Kwa wawili wanaotaka utulivu, hapana mahali Unguja panapokaribia hapa.

Paje, Jambiani na Bwejuu ni pwani ya kutazama na kutembea. Maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mamia ya mita, mahali pengine zaidi ya kilomita, na sakafu nzima hubaki wazi. Huo ndio wakati wa kuona mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza hapa kibiashara mwaka 1989 na kinachofanywa zaidi na wanawake. Vipande vya mwani hufungwa kwa vikamba kwenye kamba ndefu iliyokazwa kati ya vigingi viwili, na baada ya wiki sita hivi huvunwa na kuanikwa. Kuna aina mbili: spinosamu, inayostahimili lakini bei yake ni ndogo, na kotoni, yenye bei nzuri lakini hufa maji yakipata joto, ndiyo maana mashamba mengi yamebaki na ile ya bei ndogo. Tembeleeni na mwenyeji aliyelipwa, pale Paje kuna kituo cha wanawake kinachotengeneza sabuni za mwani na kuongoza ziara. Msikanyage kamba, na msipige picha ya mkulima kabla ya kumwomba. Siku ya bamvua tokeni saa 3 asubuhi na mrudi kabla ya saa 6, kwa sababu maji hurudi kwa kasi na huanza kujaza mikondo iliyo nyuma yenu. Viatu vya maji ni lazima. Viumbe wenye miiba mirefu myeusi wamejaa kwenye mawe, na mwiba ukivunjikia mguuni hauvutiki. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, wakisema husaidia.

Njiani kwenda Paje mnapita Jozani, kama kilomita 35 kutoka mjini. Msinunue kama safari ya peke yake. Mwambieni dereva asimame saa moja na nusu mkiwa mnahamia pwani, mtaokoa nauli ya kwenda na kurudi. Kima punju wanaoishi pale hawana makao mengine ya asili duniani isipokuwa Unguja. Wazuri kuonwa kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 9 alasiri, joto likiwa limepungua. Wana tabia ya kula makaa, yanayodhaniwa kupunguza sumu ya majani ya mkungu na mwembe wanayokula. Kaeni mbali nao mita tatu, hata wakija wenyewe, na mwenye mafua asiingie kwani huambukiza. Msiondoke kabla ya njia ya mbao kwenye mikoko. Wageni wengi huiruka, na ndipo palipo tulivu.

Mgahawa wa The Rock, juu ya mwamba wa Pingwe huko Michamvi, unajulikana dunia nzima. Unalipia mahali zaidi ya sahani, na kwa mlo mmoja wa safari ya wawili ni sawa kabisa, mradi mjue mnachonunua. Meza iwekwe mapema. Siku za bamvua ingieni saa 6 mchana kwa miguu, mkimaliza kula maji yamejaa na mtatolewa kwa mashua, hivyo mmepata sura zote mbili za mahali pale kwa bei moja. Kisha msirudi hotelini. Michamvi Kae, ng'ambo ya rasi hiyo hiyo, inatazama ghuba ya Chwaka upande wa magharibi, na ni sehemu adimu ya pwani ya mashariki mnapoweza kuona jua likizama baharini.

Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yanafaa asubuhi moja, hasa mkiwa njiani kwenda kaskazini. Ziara nzuri inawakatia gome la mdalasini mlinuse, inawapasulia kungumanga mwone basbasi nyekundu ikiwa bado mbichi, na inawaonyesha karafuu kwenye mti ikiwa msimu. Ziara mbaya inakimbilia taji za makuti na meza ya kuuzia. Kijana anayepanda mnazi akiimba hutarajia bakshishi, na aliyewafumia taji naye pia. Wekeni noti ndogo tayari. Kuhusu kununua: viungo vya pakiti ndogo za shambani ni ghali kuliko vya Darajani na mara nyingi si vipya zaidi. Kidichi muombe kuona hamamu ya 1850 aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad. Ziara za haraka huipita tu.

Pomboo wa Kizimkazi hatuwapendekezi. Mashua huwakimbiza, huwakata njia, kisha wageni huambiwa waruke majini. Pomboo wanahitaji kupumzika na kunyonyesha, na hawapati nafasi. Mkienda Kizimkazi, nendeni kwa msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ukutani yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ombeni ruhusa kwa mlinzi, vaeni nguo za heshima, vueni viatu, na mama ajitande ushungi.

Hilo la mavazi linahusu kisiwa kizima. Nguo za kuogelea ni za ufukweni na hotelini. Mjini na vijijini mabega na magoti yafunikwe, kwa wote wawili. Kushikana mikono hakuna neno, kubusiana hadharani kunaudhi watu. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana; migahawa ya wenyeji hufungwa mpaka futari, na Mji Mkongwe usiku huwa na uhai kuliko mwezi mwingine wowote.

Siku ya kurudi, achieni saa tatu kati ya kutoka Nungwi au Paje na kupanda boti, kwa sababu barabara ya kuingia mjini hujaa foleni ya magari kuanzia asubuhi. Makombe ya baharini, matumbawe na vitu vya gamba la kasa visiingie kwenye begi. Ukaguzi wa bandarini na uwanja wa ndege huvitafuta, na adhabu yake ni kubwa kuliko thamani ya chochote mlichonunua safari nzima.